Nani Anashika Orodha? Kanisa la Makabila Mengi katika Bonde la Ruzizi



Mtu akitaja Luvungi mbali na kwetu, wengi hufikiri Luvungi ya Walikale, kule Kivu Kaskazini, iliyojulikana duniani kwa ubaya waliotendewa wanawake wake mwaka 2010. Leo tunazungumza juu ya Luvungi nyingine, ile ya Kivu Kusini, katika teritware ya Uvira. Ukishuka milima kutoka Bukavu, ukapita Kamanyola na Katogota, unafika Luvungi. Ukiendelea utapita Bwegera, Luberizi, Sange na Kiliba, mpaka Uvira kwenye ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki mto Ruzizi unatelemka kutoka ziwa Kivu, na ng'ambo yake ni Burundi.

Bonde hili ni la watu wa namna nyingi. Luvungi yenyewe imo katika usultani wa Bafuliiru. Jirani yake ni usultani wa Bonde la Ruzizi, ambao ni wa Barundi. Banyamulenge hushuka na ng'ombe kutoka nyanda za juu wakati wa kiangazi. Wapo Bashi waliotoka upande wa Bukavu kutafuta mashamba na biashara, Bavira wa kando ya ziwa, na Babembe waliotoka Fizi. Mchele, mihogo na ndagala hukutana katika soko moja, na katika soko hilo mtu anayejua lugha moja tu hupata hasara.

Kanisani mambo ni yaleyale. Jumapili korali moja itaimba kwa Kiswahili, nyingine kwa Kifuliiru, nyingine kwa Kirundi, wamama watainua wimbo wa Mashi, na vijana watamalizia kwa Lingala, kwa kuwa vijana wanapenda Lingala. Watu wanapiga makofi kwa nyimbo zote. Mgeni anayetoka mbali akiona hayo hufurahi sana na kusema: hapa umoja upo. Hata sisi tumesema hivyo mara nyingi katika taarifa zetu.

Tunaandika makala hii kwa sababu tumeanza kuona kwamba tulisema haraka. Wimbo ni kitu kizuri, lakini hauna gharama. Mtu anaweza kucheza wimbo wa jirani yake saa nne asubuhi, na saa saba mchana akakataa jina la jirani huyo lisiandikwe kwenye orodha ya watakaopewa unga. Basi tuulize: umoja wa kanisa la makabila mengi unapimwa wapi hasa?

Kabla ya kujibu, tukumbuke lugha imefanya nini mahali petu. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia jinsi watu wa Gileadi walivyokamata vivuko vya mto Yordani na kumwuliza kila aliyetaka kuvuka atamke neno moja, Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kulitamka sawasawa. Alisema Sibolethi, akauawa papo hapo. Biblia inataja watu 42,000. Walikuwa wana wa Israeli wote, wa Mungu mmoja, na waliachana kwa herufi moja tu. Msomaji wa Ulaya anaweza kuisoma sura hiyo kama hadithi ya zamani. Mtu wa bonde la Ruzizi hahitaji kuelezwa. Anajua kizuizi barabarani, anajua kuulizwa maneno mawili matatu ili isikike ametoka wapi, anajua moyo unavyodunda wakati ulimi unatafuta sauti iliyo salama.

Na makaburi yapo. Tarehe 14 Mei 2000, Katogota, hapo jirani na Luvungi, raia wengi waliuawa na askari wakati wa vita. Tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba, ng'ambo ya mpaka upande wa Burundi, watu zaidi ya 150 waliuawa usiku katika kambi ya wakimbizi, wengi wao wakiwa Banyamulenge. Mwaka 2012 Mwami wa Barundi wa bonde aliuawa. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, Mutarule, karibu na Luberizi, watu wasiopungua 30 waliuawa, wengi wao wakiwa Bafuliiru, na wengi wa hao walikuwa wamekusanyika kwa ibada. Kabla ya hapo kulikuwa na mvutano uliohusu ng'ombe. Kwa Kiswahili neno mchungaji ni moja kwa mwenye kanisa na kwa mwenye kundi, na mahali pengine hilo ni pambo la mahubiri tu. Kwetu ng'ombe ni ng'ombe kweli, wanaingia katika mihogo ya mtu kweli, na kesi inayoanzia shambani inaweza kufika mlangoni pa kanisa.

Hatukutaja makaburi hayo ili kulinganisha hesabu. Tumeyataja pamoja kwa sababu mara nyingi hayatajwi pamoja. Kila kabila lina siku yake ya kulia, na kila kabila hujua tarehe ya kwake kwa moyo. Jiulize, ndugu msomaji: katika kanisa lako, mwaka uliopita, ni wafu gani walikumbukwa mimbarani? Na je, waliokuwa wamekaa kwenye benchi siku hiyo walikuwa wa kabila la wafu peke yao?

Lazima tuseme pia jinsi makanisa yetu yalivyozaliwa, maana sehemu ya tatizo imo humo. Wamisionari Wapentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mwaka 1921; kazi yao ndiyo iliyozaa jumuiya inayoitwa leo CEPAC. Wanorwe walianza nao, na matunda yao ni CELPA. Wengine walifuata, kama vile Wametodisti Huru. Katika nchi yote ya Kongo misheni za Kiprotestanti ziligawana maeneo ili zisigombane, jambo lililokuwa la busara kwa wakati ule. Lakini eneo lilikuwa na watu wake, na watu walikuwa na kabila lao. Polepole jina la misheni likawa kama jina la ukoo. Mtoto alizaliwa katika jumuiya fulani jinsi alivyozaliwa katika kijiji fulani.

Mwaka 1970 misheni na makanisa hayo yaliungana kuwa Kanisa la Kristo katika Kongo, ECC: jumuiya nyingi, kila moja na uongozi wake, chini ya jina moja. Ni namna ya umoja isiyopatikana sana duniani, na sisi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Mpentekoste na Mmenoniti, Mbaptisti na Mmetodisti, wote wana kibao kimoja mlangoni. Hata hivyo umoja huo uliunganisha jumuiya. Haukuweza peke yake kuunganisha makabila ndani ya jumuiya moja. Kazi hiyo iliachiwa paruasi, tena paruasi ndogo kama za Luvungi, zisizokuwa na ofisi wala fedha za semina. Na paruasi ikishindwa, njia rahisi ni kugawanyika: hawa wanajenga huku, wale wanajenga kule, na wote wanasema wameitwa na Roho.

Sasa turudi kwenye swali letu. Sisi tunaona jibu limo katika Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wengi wetu tumezoea kukimbilia sura ya 2, siku ya Pentekoste, kila mtu akisikia lugha ya kwao. Sura hiyo ni ya furaha, na ni halali kuipenda. Lakini sura nne tu baadaye kanisa hilohilo, lililojazwa Roho huyohuyo, lina manung'uniko.

Tuyaangalie kwa utulivu. Katika Yerusalemu waamini walikuwa wote Wayahudi, lakini wa namna mbili. Wengine walikuwa wenyeji, waliosema lugha ya Kiebrania cha nyumbani. Wengine walikuwa wamezaliwa au kukaa nchi za mbali na lugha yao ilikuwa Kiyunani. Kila siku kanisa liligawa chakula kwa wajane. Wale wa Kiyunani wakanung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa. Luka hasemi kwamba mtu alikusudia. Labda mgawaji aliwajua wajane wa mtaa wake, aliosikia shida zao kwa lugha yake, na wengine hakuwaona. Ubaguzi mwingi huanza hivyo: mtu anaandika majina anayoyajua kuandika.

Mitume wangeweza kufanya mambo matatu ambayo sisi tunayajua sana. Wangeweza kukemea, wakisema kwamba kutaja lugha na asili kanisani ni mambo ya mwili. Wangeweza kuunda makanisa mawili. Au wangeweza kutangaza maombi na kufunga kwa siku tatu, halafu orodha ikabaki mikononi mwa watu walewale. Hawakufanya hata moja. Waliita mkutano wote, wakakubali kwamba neno lile linahitaji kushughulikiwa, wakaambia watu wachague saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima.

Halafu Luka anatupa majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao, mtu wa Antiokia, ambaye hata hakuzaliwa Myahudi bali aliongoka. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Ni kweli jina peke yake halithibitishi asili. Andrea na Filipo, wale mitume, walikuwa wa Galilaya na majina yao ni ya Kiyunani pia. Lakini saba kwa saba si bahati tu. Inaonekana wazi kwamba kanisa, ambalo wengi wake walikuwa wenyeji, lilichukua orodha ya chakula likaiweka mikononi mwa upande uliolalamika. Na hawakupewa wajane wao tu. Walipewa wajane wote. Mjane Mwebrania alianza kupokea mkate wake kutoka kwa mtu ambaye lafudhi yake alikuwa akiicheka.

Hapo ndipo umoja ulipopimwa, na hapo unapimwa kwetu: nani anashika orodha, nani anashika ufunguo, nani anaandika kitabu cha mkutano.

Katika bonde letu jambo hili si mfano. Vita na mafuriko vimeleta wakimbizi wa ndani mara kwa mara, na tangu Februari 2025, Bukavu ilipotekwa na M23, njia ya bondeni imeona watu wakipita na magodoro kichwani kuelekea kila upande. Msaada unapokuja, mara nyingi anayeletewa karatasi ya kuandika majina ni mzee wa kanisa au katibu wa paruasi. Saa hiyo kanisa lina uwezo ambao hata chifu hana. Kaya moja inaingia, nyingine inaachwa. Na kila mtu aliyesimama uani anajua jina la katibu ni la kabila gani, hata kama hakuna anayelitamka.

Kwa hiyo hatukubaliani na ndugu wanaosema dawa ni kutotaja makabila kanisani. Tunaelewa wanachoogopa. Neno la kabila limeua watu, na mchungaji anayelipitisha kimya anafikiri anazima moto. Lakini kunyamaza hakumsaidii mjane aliyesahauliwa, kunamsaidia aliyemsahau. Katika Matendo 6 malalamiko yalitajwa kwa jina la kundi: hawa wananung'unika juu ya hawa. Baada ya kutajwa ndipo yalipoweza kutibiwa.

Pia hatukubaliani na wanaoona kila ibada ya lugha ya kwao kuwa ni mgawanyiko. Kiswahili kina baraka kubwa kwetu. Bondeni si lugha ya mama ya kabila lolote, basi kila mtu hutoka nyumbani kwake kidogo ili akutane na mwenzake barabarani. Lakini Kiswahili cha mimbarani ni Kiswahili cha kitabu. Bibi wa Lubarika aliyelima maisha yake yote hakukisomea. Akisikia habari za Yesu kwa Kifuliiru, au jirani yake akizisikia kwa Kirundi, hakuna kilichopotea. Ndivyo ilivyokuwa siku ya Pentekoste. Shida inaanza pale mkutano wa wazee unapogeuka ghafla, katikati ya jambo zito, na kuingia katika lugha ambayo mmoja wao haisikii. Hakuna aliyemfukuza. Amekaa palepale kwenye kiti chake, na bado ametolewa nje. Sisi tungesema hivi: ihubiriwe kwa lugha yoyote itakayomfikia mtu, lakini fedha, nidhamu na orodha vizungumzwe kwa lugha inayosikiwa na wote waliomo chumbani, na kama hakuna, mkalimani akae.

Petro mwenyewe alianguka hapa. Paulo anasimulia katika Wagalatia 2 kwamba huko Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa bila shida, mpaka walipofika watu kutoka Yerusalemu. Akajitenga polepole na meza ile, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Petro hakubadilisha mafundisho, alibadilisha benchi. Tunadhani wachungaji wengi wa Kivu watamwelewa. Uko vizuri na jirani yako siku zote, mnakula bugali pamoja, halafu wanakuja ndugu wa kwenu, wale waliopoteza watu, wanakutazama tu. Kuendelea kukaa pale mezani kunaweza kukugharimu jina la msaliti. Paulo alimkemea Petro mbele ya wote, na alikuwa na haki. Lakini kabla ya kumhukumu ndugu wa namna hiyo, tukumbuke Petro aliogopa mazungumzo, wakati ndugu huyu mara nyingine anaogopea maisha ya watoto wake.

Mtu atasema: haya yanawezekana wapi? Tumwelekeze kwa wamama. Katika vijiji vingi vya Kivu wamama wana vikundi vya kuweka na kukopa, vile tunavyoviita AVEC. Fedha zao hukaa katika kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu. Funguo tatu hushikwa na watu watatu, na kisanduku chenyewe hukaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Hakifunguliwi mpaka wote wawepo, na fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya kikundi. Hakuna anayesema kwamba utaratibu huo unamaanisha wamama hawaaminiani au hawana upendo. Wanajua tu kwamba upendo unadumu zaidi kisanduku kikiwa na kufuli tatu. Katika kikundi chenye Mfuliiru, Mrundi na Mushi, hata mtu asiyejua kusoma anaelewa kwa nini funguo zisikae zote katika nyumba moja.

Basi ombi letu kwa paruasi za bondeni, kutoka Kamanyola mpaka Kiliba, ni dogo na ni la kazi. Kabla orodha yoyote ya msaada haijaondoka kanisani, isomwe kwa sauti uani, jina kwa jina, mbele ya watu wote, na isomwe na watu wawili wasio wa kabila moja. Mwenye neno alitoe palepale, kwa lugha yake, na litafsiriwe. Kamati ya ugawaji ichaguliwe kwa kuanza na wale walionung'unika mara ya mwisho. Mhazini asiwe wa nyumba moja na katibu. Na siku ya kuwakumbuka wafu, mchungaji aziandike tarehe zote kwenye karatasi moja, Katogota, Gatumba, Mutarule na nyingine ambazo wazee wa mahali wanazijua kuliko sisi, kisha amwombe mtu wa upande mwingine asome.

Tunajua kusoma majina hivyo huchukua muda mrefu. Jua huwa kali, watoto hulia, na yupo atakayesimama kusema jina la shangazi yake limeandikwa vibaya. Liandikwe upya, na msomaji aendelee na jina linalofuata.